Mwitaliano na Ng'ombe Asiyejua Kuamka

Ng'ombe yule alitugharimu shilingi laki tatu, elfu arobaini na saba, mia mbili na hamsini. Nimehesabu mara mbili, mara ya kwanza na chai ndani, mara ya pili bila chai, kisha nikairudisha chai kwa sababu bila ile chai hakuna ambaye angefika mwisho. Kwa pesa hizo, pale kwetu Dagoretti, ungepata ng'ombe wawili wa maziwa wenye pumzi zao na ubaki na nauli. Sisi tulipata mmoja, wa magunia, asiye na maziwa wala nyama, na kidogo tu tumpeleke mbele za watu akiwa hajui kuamka.

Kazi yangu ni ngozi. Si ngozi nzima, hizo zina wenyewe. Mimi nanunua mabaki, vile vipande vya masikio na miguu na tumbo ambavyo wachunaji wa machinjioni huvikata na kuvisukuma pembeni kwa buti. Wateja wangu ni watu wa mbwa na watu wa gundi. Yule Mwitaliano alikuja kwa ajili ya gundi, ila siku ya kwanza nilimweka kundi la mbwa. Mzungu akija kununua mabaki ya ngozi, unajua tu ana mbwa wengi kuliko akili.

Alikuwa mzee mrefu mwenye shati jeupe lililojaa madoa ya rangi, na viatu ambavyo nilivitathmini haraka nikaona havina kitu, na nikamwambia hivyo.

"Hii ngapi, mama?"

"Kilo moja ni mia mbili." Bei ya haki ilikuwa sitini.

Aliinua kipande, akakinusa, akakikunja, akakielekeza kwenye jua. "Hii ni ya tumbo. Mimi nataka ya masikio na miguu. Thelathini."

"Thelathini? Mzee, hata mbwa wako watakucheka."

"Sina mbwa. Thelathini na tano."

Alitembea akaenda zake mara mbili, na mara ya pili alifika hadi kwenye geti kabla sijamwita. Tulipatana hamsini na tano. Nilirudi nyumbani siku hiyo na furaha ambayo sikuielewa, kama mtu aliyecheza bao na mwenzake kwa mara ya kwanza baada ya miaka ya kucheza na watoto.

Ikawa kila Jumamosi nampelekea kiroba kwake Mountain View. Alikuwa amepanga nyumba yenye banda la gari lisilo na gari, na humo ndimo alimofanyia kazi. Alinieleza kwamba kwao wachoraji hupika ngozi ya sungura wapate gundi ya kupaka kwenye mbao kabla ya rangi. Huku hakupata wa kumuuzia ngozi ya sungura, basi akahamia kwa ng'ombe. Ngozi aliiloweka usiku kucha, kisha akaiweka kwenye sufuria iliyokaa ndani ya sufuria nyingine yenye maji, juu ya moto mdogo. Gundi ya ngozi haitakiwi kuchemka. Ikichemka imekufa, haishiki kitu tena. Kwa hiyo mtu anakaa, anakoroga, anangoja, na mtu anayekoroga kwa saa nne huongea. Hivyo ndivyo nilivyoyapata maisha yake.

Alizaliwa Italia, kwenye mji ulio chini ya mlima wa mawe meupe. Baba yake alikata mawe hayo, na babu yake pia, na vumbi lilikuwa jeupe hata juu ya mkate. Alipokuwa mtoto mawe mengine bado yaliteremshwa kwa mikokoteni ya farasi, na farasi akianguka kwenye mteremko watu wote walisimama kumtazama akijiinua. Akiwa na miaka kumi na moja alikuwa akifagia karakana ya mchongaji sanamu. Akiwa na miaka kumi na minane alienda mji mkubwa kusomea uchoraji, na huko akaanza kuchora picha nyeupe.

"Nyeupe na nini?" nikamwuliza.

"Nyeupe na nyeupe."

"Na watu walinunua?"

Akataja bei. Nikamwomba arudie. Akarudia, na ilikuwa ileile. Nilizipiga hesabu ngozi zote nilizowahi kuuza maishani, na hazikufika.

Kwa miaka kama kumi picha zake zilitundikwa katika miji mitatu. Benki moja ilinunua nne kwa mkupuo. "Wote walisema nzuri, nzuri, nzuri," akasema, akikoroga. "Kila picha, nzuri. Halafu simu ikanyamaza. Hakuna mtu aliniambia kwa nini."

Mkewe alikuwa muuguzi. Alipata kazi katika hospitali moja ya hapa Nairobi, wakaja kwa miaka miwili, wakakaa ishirini na mitatu. Mzee akawa anafundisha watoto wa matajiri kuchora matunda. Mkewe alipofariki, yeye alibaki na brashi zake na Kiswahili alichokiokota kwa wagonjwa wa mkewe. Ndiyo maana hakujua jina la kijiko lakini alijua majina yote ya maumivu.

Binti yake alimpigia simu kila Jumapili kutoka kwao. Alikuwa amemtengea chumba. Walikuwa wamepatana hivi: jengo jipya la ofisi kule Upper Hill lilikuwa linatafuta sanamu ya kuweka mahali pa mapokezi, na kamati ilikuwa imewaalika wasanii watatu, kila mmoja alete kazi iliyokamilika siku moja, wachague. Yeye alikuwa mmoja wa watatu hao. Akichaguliwa, anabaki Nairobi. Akikosa, anafunga mzigo kabla ya Krismasi na kwenda kukaa kwa binti.

"Chumba chenyewe kina dirisha?" nikamwuliza.

"Kina. Linaangalia ukuta."

Wiki hiyo nilimpa kilo moja ya bure, jambo ambalo sijawahi kumfanyia hata shemeji yangu.

Alichagua ng'ombe. Ijumaa nyingi alikuwa amekaa kwenye ukuta wa machinjioni akiwachora wakiingia. "Hapa kila ng'ombe inaenda chini," aliniambia. "Mimi nataka moja iamke."

Alifunga vyuma vya ujenzi kwa waya mpaka mifupa ikasimama, mikubwa kuliko ng'ombe wa kweli mara moja na nusu. Kisha magunia ya katani, moja baada ya jingine, yakachovywa kwenye gundi na unga wa jasi na kuvishwa juu ya vyuma yangali moto. Yakikauka yanakuwa magumu kama ubao. Anapiga msasa, anaongeza, anapiga msasa tena. Mikono yangu ilijifunza kazi hiyo bila kuulizwa. Mbwa wa mtaa mzima walikuja kukaa nje ya geti kwa mstari, kama waumini waliochelewa ibada, kwa sababu ya harufu.

Na mimi, tangu mwezi wa tatu, nilikuwa nimeona.

Nilikulia nyuma ya mikia ya ng'ombe. Ng'ombe akiamka huinua matako kwanza. Anabaki amepiga magoti ya mbele kitambo kidogo, kama anayefikiria, halafu ndipo anainua kifua. Hajawahi kuzaliwa ng'ombe anayefanya vingine. Huyu wa mzee alikuwa ameinua kifua, miguu ya mbele imesimama wima, na matako yako chini. Niliangalia Jumamosi ya kwanza, nikaangalia ya pili, nikazunguka nyuma kuhakikisha. Kisha nikakumbuka zile picha nyeupe na bei yake, nikajiambia, nyamaza wewe, hii ndiyo sanaa yenyewe.

Zikiwa zimebaki wiki tatu, mwenye nyumba alikuja kuhusu harufu. Alikuwa mama wa kanisa, mwenye sweta la kijivu na sauti ya kuongoza kwaya, na alikuwa na boma lake nyumba ya pili, lenye ng'ombe wawili wa maziwa kwenye zizi la mabati. Alikuja amekunja uso, tayari kwa vita. Akasimama mlangoni pa banda, akamtazama ng'ombe, na uso ukakunjuka.

"Ngai! Huyu alilelewa na punda?"

Mzee akashusha brashi. "Kwa nini punda?"

"Anaamka kama punda! Ama kama farasi. Ng'ombe anaanza nyuma, mzee. Matako kwanza. Wewe umekaa Kenya miaka yote hiyo unakunywa maziwa ya nani?"

Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Harufu ikasahaulika kabisa. Mzee hakucheka. Alinigeukia polepole.

"Mama, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

Ningeweza kupunguza. Maisha yangu yote nimepunguza. "Tangu mwezi wa tatu."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilidhani ndiyo sanaa."

Alikaa kwenye ndoo. Mwenye nyumba akaacha kucheka, akaanza kuchunguza kucha zake. Mzee aliposema, hakupaza sauti.

"Kule kwetu walisema nzuri, nzuri, mpaka simu ikanyamaza. Mimi nilifikiri wewe hapana. Wewe uliniambia viatu yangu ni mbaya siku ya kwanza. Nikasema, huyu ataniambia."

Nimetukanwa na wachunaji, na askari wa kaunti, na shangazi zangu wote kwa pamoja kwenye matanga. Hakuna tusi lililonikaa kama hilo, na halikuwa tusi.

Baadaye nilielewa alikokosea. Machinjioni alikuwa amewaona ng'ombe waliosimama na ng'ombe wakishuka. Wa kuamka hakuwahi kumwona, kwa sababu pale haamki mtu. Basi mkono wake ukaenda kutafuta mnyama mwingine anayeamka, ukampata yule farasi wa mteremko wa utotoni. Alikuwa amekaa na farasi huyo miaka sitini bila kujua.

Siku mbili hakupokea simu yangu. Siku ya tatu nilienda bila kupiga, na nikamkuta zizini kwa mwenye nyumba, amekaa kwenye kreti ya soda na daftari magotini. Mwenye nyumba alikuwa anamsukuma ng'ombe wake kwa kijiti cha ufagio ili aamke, na akishaamka anambembeleza alale tena.

"Tena," mzee anasema.

"Mzee, huyu amechoka. Ameamka mara kumi na tatu."

"Kumi na nne," nikasema kutoka mlangoni, kwa sababu nilikuwa nimesimama pale nikihesabu mwenyewe na moja ilimpita.

Mzee hakugeuka. Aliendelea kuchora. Kisha akasema, "Mama, leta msumeno."

Nilileta msumeno wa machinjioni, ule wa kupasulia mifupa, nilioukodi kwa siku kwa bei ambayo sitaitaja kwa kuwa sijivunii. Tulimkata ng'ombe kiunoni, magunia kwa msumeno, na waya za vyuma kwa koleo. Huo ulikuwa mchana wa kuogopesha kuliko yote. Miezi saba ya kazi iliangukia sakafuni vipande viwili, na vumbi jeupe likatuvaa sote watatu, mwenye nyumba akiwemo. Nilimwangalia mzee nikitegemea atalia. Alikuwa anapiga mluzi.

Tulikata miguu ya mbele, tukavikunja vyuma vyake kwenye magoti. Tuliinua kiuno juu ya mapipa. Mwenye nyumba alikuja kila asubuhi na birika la chai ya maziwa, na akawa mkaguzi. "Mkia haukai hivyo," anasema. "Akiamka mkia unaenda kando, anasawazisha mzigo." Mzee anaubomoa mkia. "Kichwa kishuke. Zaidi. Anatafuta nguvu huyo, haangalii televisheni." Mzee anashusha kichwa. Na mimi nikasema kila nilichoona. Bega la kushoto limevimba. Sikio hili ni la mbuzi. Goti hili ni zuri, usiliguse tena, mzee, ukiligusa nakuvunja mkono. Alifanya kazi kama mtu wa miaka thelathini, na jioni alikula ugali wangu bila kuuliza kilichomo kwenye mboga.

Siku ilipofika tulimpakia kwenye lori la ng'ombe, kwa sababu ndilo lililokuwa na urefu wa kutosha na dereva wake ananiogopa. Pale Waiyaki Way askari wa barabarani akatusimamisha.

"Kibali cha kusafirisha mifugo."

"Huyu si mfugo, afande. Ni magunia."

Akapanda gurudumu, akachungulia. Akachungulia tena. "Anaamka ama anaomba?"

"Wewe unaonaje?"

"Mimi naona ni kama mamangu alfajiri," akasema, akashuka, akatupungia mkono twende. Mzee, aliyekuwa amekaa nyuma amemshika ng'ombe shingo, aliniambia baadaye kwamba hakuna gazeti lililowahi kuandika juu ya kazi yake vizuri hivyo.

Kule Upper Hill sakafu ilikuwa ya mawe yanayong'aa. Msanii wa kwanza alileta mikono miwili ya chuma iliyoshika dunia. Wa pili alileta kitu cha vioo ambacho walinzi walikuwa wanakitumia kurekebisha kofia zao. Tukamweka ng'ombe wetu katikati, magoti chini, matako juu, kichwa kimeinama, mweupe wote, na ukimtazama kwa muda unaona weupe wake ni wa aina nyingi, wa moshi, wa maziwa, wa mfupa. Hapo ndipo nilipozielewa zile picha nyeupe, na bei yake nikaisamehe.

Mfagiaji mmoja akasimama na mopu yake. "Anaamka," akasema. Hakuwa akimwambia mtu yeyote. Mlinzi akaja karibu, akasema kwao Bungoma ng'ombe akikwama hivyo unamsaidia kwa mkia, na akaangalia mkia, na nikamwona anatamani.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwanamke wa makamo, suti ya buluu, viatu vya kupiga kelele. Alimzunguka ng'ombe mara mbili. Kisha akakunja sketi, akachuchumaa pale sakafuni mbele ya wanaume wawili wa kamati yake, akatazama magoti.

"Sisi nyumbani tulikuwa nao saba," akasema. "Huyu anaamka vizuri." Akasimama. "Ndiye huyu. Hakuna haja ya kupiga kura."

Mzee akashika mkono wangu, akaukaza mpaka pete ikaniuma.

Tukapandishwa ghorofani kuzungumza bei. Nilikuwa nimevaa suti ya kanisa, nikatambulishwa kama meneja wake. Mzee alikuwa amenionya. Kwao msanii hapunguzi bei, kwa sababu ukipunguza leo, walionunua jana wanalia. Yeye alitaka milioni moja. Mimi nikasema milioni moja na nusu, ili pawe na mahali pa kurudi.

"Sawa," akasema mwenyekiti.

Sijui kama umewahi kuambiwa sawa kwa bei ya kwanza. Ni kama kuegemea mlango uliodhani umefungwa. Mara moja nikajua nimetupunja.

"Bila usafiri," nikasema.

"Sawa."

"Na bila kibao cha jina."

"Sawa."

Mzee akanikanyaga chini ya meza. Sikuweza kuacha. "Na kumpangusa vumbi kila mwezi, kwa brashi maalum, elfu tano."

Mwenyekiti akaweka kalamu chini, akaniangalia kwa mara ya kwanza vizuri. "Mama, wewe ni wa soko gani?"

"Dagoretti."

"Mimi mamangu aliuza viazi Wakulima, na mimi nikikaa juu ya magunia yake kila likizo." Akavua koti, akalitundika kwenye kiti. "Haya. Sahau ile bei. Laki tisa."

"Laki tisa! Madam, ni bei ya kumnunua akiwa bado punda!"

"Kwani aliwahi kuwa punda?"

"Usibadilishe mada. Milioni moja na laki nane."

"Umepanda? Huyu mama anapanda!"

Tulienda dakika arobaini. Wanaume wa kamati walikuwa wanageuza shingo huku na huku kama wanaotazama mpira. Mimi niliondoka mara mbili, na mara moja nilifika hadi kwenye lifti. Yeye aliita chai, akaita maandazi, akaapa kwa kaburi la mamake, nami nikamwambia mamake angeona aibu. Tulipeana mikono kwenye milioni moja na laki nne, usafiri ndani, kibao juu yao, na chakula cha mchana cha watu watatu, maana nilimkumbuka mwenye nyumba. Mzee alikuwa mweupe kuliko ng'ombe.

"Kwa nini?" akaniuliza kwenye lifti. "Alisema sawa kwa moja na nusu!"

"Mzee, ile ilikuwa pesa tu. Sasa anamheshimu ng'ombe."

Alifikiria mpaka ghorofa ya chini. Kisha akacheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake, kikagonga mawe yote ya pale mapokezi, na walinzi wakageuka. Jumapili binti yake alipopiga, mzee alimtumia video ya katikati ya wiki, ng'ombe pale mapokezi, na watu wakipita, na mwanamke mmoja wa ofisini aliyekuwa amesimama akila ndizi akimtazama tu.  Binti akasema kile chumba atawapa watoto waweke baiskeli.

Sasa mzee amekuja sokoni leo asubuhi, viatu vipya. Hospitali moja imeona, inataka mnyama wake. Shule moja inataka wawili. Akanishika kando ya mizani, akaniambia hataki tena kufanya kazi na watu wa nzuri, nzuri. Anataka niwe naye kila siku, nimwambie sikio lipi ni la mbuzi, na kila kitakachouzwa tugawane nusu kwa nusu. Nusu. Kabla sijafungua mdomo.

Nimemwambia anipe mpaka Jumamosi. Najua nataka kwenda, hilo silo shida. Na nikipiga hesabu, haki yangu ni theluthi, labda na chai, kwa sababu mikono ni yake na ile miaka yote ya simu kunyamaza ni yake. Ila nina miaka hamsini na mbili, na hakuna siku hata moja niliyomwambia mtu apunguze anachonipa. Sijui maneno yake yanaanzaje. Wewe unayesoma, kama umewahi kupewa zaidi ya haki yako na mtu usiyetaka kumpoteza, nieleze: mtu humwambiaje ashuke, asidhani unaenda zako?